Ombi la Sheria ya Kuzuia Maji Kumwagwa katika Oili ya Umma

Gereji ya Jeconia,
Ukingoni mwa mto, chini ya Lindi,
Kibera, Nairobi.

Kwa Mkurugenzi,
Idara ya Ulinzi wa Maji ya Umma,
Nairobi.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

KUH: NOTISI YA KUFUNGA GEREJI YANGU KWA SABABU YA OILI CHAFU

Natumaini barua hii inakukuta mzima katika ofisi yako ya ghorofani, mahali ambapo harufu ya mto wetu haifiki kwa sababu haina ruhusa ya kupanda lifti. Sisi huku chini hatujambo, isipokuwa kwa jambo moja ambalo umetuletea wewe mwenyewe, na ndilo nitakalolieleza kwa adabu zote.

Mimi ni Jeconia Ouma, fundi wa magari. Gereji yangu iko hapa ukingoni tangu watoto wangu wakiwa wadogo, na sasa nina mjukuu. Sina kazi nyingine. Shamba la kurudia kule ziwani pia sina, kwa kuwa ndugu zangu waligawana lote nikiwa chini ya gari la mtu nikifungua nati. Afisa wako alipobandika notisi kwenye mlango wangu, akiniamuru nifunge kazi kabla ya mwezi kwisha, karatasi hiyo ilifunika pia sufuria ya mke wangu, Adhis. Ningependa ulijue hilo kabla hujageuza ukurasa.

Notisi inasema kwamba nimevunja sheria inayokataza mtu yeyote kumwaga oili iliyotumika katika maji ya umma. Kumwaga nimemwaga, sitakudanganya. Kila gari linalobadilishwa oili hapa huacha oili chafu nyuma yake, nami huipeleka mteremkoni kwa debe, ikajiendea. Wala usidhani unaandikiwa na mtu asiyejua oili ni nini. Mimi ndiye ninayewagombeza wenye magari wanaoiacha ivujie mikanda na mipira ya injini, kwa maana oili hula raba polepole mpaka siku gari linakuachia njiani. Watu hutoka hadi Kawangware kuja kusikia ushauri wangu. Kwa hiyo haya malalamiko yafuatayo ni ya mtaalamu, na nimeyapa nambari ili ofisi yako isiyapoteze yote kwa pamoja.

1. Kuhusu chupa. Afisa uliyemtuma, binti mmoja anayeitwa Wanza, alikuja na gambuti mpya ambazo zilikuwa bado zinang'aa. Hakuuliza mwenye gereji ni nani. Alishuka moja kwa moja mpaka mtoni, akachota kwa chupa ya soda, kisha akaiinua juani na kuikagua kama mtu anayechagua miwani. Vijana wa bodaboda wakaacha wateja wao wakaja kutazama. Ndani ya chupa, chini kulikuwa na tope, katikati kitu cha kijivu ambacho sijui jina lake, na juu kabisa oili yangu, nyeusi, imetulia. Halafu binti huyo akaandika kwenye karatasi yake kwamba amechukua maji. Mheshimiwa, mimi nikimkabidhi mteja giaboksi na kumwambia ni redio, atanipeleka polisi. Nilimweleza hivyo bila kupandisha sauti. Alinijibu kwamba anafanya tu kazi yake, akaniomba nimshikie chupa ili aandike jina langu vizuri. Nilikataa. Fundi wa umri wangu hawezi kuonekana na majirani akishikia mtoto wa watu chupa ya uchafu.

2. Kuhusu neno maji. Sheria yako inazungumzia maji, nami nimesimama hapa miaka na miaka nikiyatafuta. Mbele ya gereji yangu hupita vitu vingi. Hupita godoro, hupita kiatu kimoja (mwenzake sijui huenda wapi), hupita mifuko ambayo kila mtu anajua ina nini na hakuna anayeuliza ni ya nani. Msimu uliopita alipita mbwa mzima, amefura, akakwama kwenye nguzo yangu na kukaa hapo mpaka nilipomsukuma kwa mti. Mlevi akianguka humo, jirani zake humtoa na kumkimbiza nyumbani akaoshwe kwa maji. Fikiria jambo hilo taratibu. Mtu aliyetoka ndani ya maji huoshwaje kwa maji? Kama pale si maji, basi sheria ya maji haikuvunjwa. Kwanza leteni maji, muyaweke mtoni, mtangaze kwamba yamefika. Hapo mtu akiyamwagia oili mtakuwa na haki ya kumshitaki.

3. Kuhusu neno umma. Kitu cha umma ni kitu chenye mtu wa kukiangalia. Ofisi yako ilikuja hapa mara moja tu kabla ya hii, ikasimamisha kibao kilichoandikwa USITUPE TAKA MTONI, ikapiga picha na kibao, ikapanda gari. Mchwa walianza kuzila nguzo za kibao hicho kabla rangi haijakauka. Kilianza kuinama, mheshimiwa, na kingeanguka kifudifudi mtoni mbele ya macho ya wananchi. Ni nani aliyekiokoa? Ni mimi. Nilichukua brashi nikazipaka nguzo zote mbili oili chafu, kuanzia chini hadi juu, kwa sababu mchwa hawagusi mti uliopakwa oili chafu, na hilo kila mwenye nyumba ya udongo na mabati huku analijua. Kibao kimesimama mpaka leo. Kwa maneno mengine, sheria yako Kibera imesimama kwa nguvu ya kitu kile kile inachokikataza. Sikuomba asante, lakini notisi pia sikuiomba.

4. Kuhusu mshitaki. Najua aliyenichongea. Ni Kanini, mama mmoja wa kutoka Kitui ambaye amelima nduma na sukuma wiki kwenye kipande cha ukingo, chini kidogo ya gereji yangu. Sina neno baya juu yake isipokuwa haya nitakayoyaandika. Alikuja kwangu wakati wa mvua akiwa na jani la nduma mkononi, akalitandaza juu ya boneti ya gari la mteja bila hata kusema hodi. Lilikuwa na weusi pembeni. Alidai kwamba nduma zake zinaoza kabla ya kukomaa, kwamba wateja wake wanazinusa na kuzirudisha, na kwamba ada ya shule ya mwanawe inatoka humo. Nilimshauri ahamishe shamba. Akaniuliza alihamishie wapi, nami swali hilo nikaona halinihusu, kwa vile mimi si mtu wa ardhi.

Mama huyu ana maringo ambayo siwezi kuyanyamazia. Bomba la maji ya kunywa ambalo nimelivuta mimi, na nitalieleza hapa chini, linapita hatua chache kutoka kwake, lakini yeye hubeba mtungi wake mgongoni, kamba kwenye paji la uso, mpaka Kambi Muru na kurudi. Aliulizwa sababu na mke wangu, akasema kwamba ameona mahali bomba letu linapopita. Hivi kuna mtu asiyeona mahali bomba linapopita? Tena napenda kukutajia jambo ambalo huenda afisa wako hakuligundua. Oili ile ni mali yangu. Ilitoka kwenye magari niliyoyafungua mimi, kwa jasho langu. Ikiwa Kanini huchota mtoni akanyunyizia nduma zake, basi anachota oili yangu bila ruhusa. Naomba afunguliwe mashitaka ya wizi, na hizo nduma zitumike kama ushahidi.

5. Kuhusu wakubwa. Huko juu, kabla mto haujatufikia, kuna kiwanda kimoja ambacho sitakitaja kwa sababu nina mjukuu wa kulea. Bomba lake hutoa kitu cha zambarau leo na cha kijani kesho, na akina mama wanaofua nguo za watu hulazimika kutuma mtoto akaangalie rangi ya siku kabla ya kuloweka shuka nyeupe. Maafisa wako huenda kule pia. Wakija kwangu huja na chupa, na wakienda kule hurudi na kalenda. Usiniulize nimejuaje. Nilipokuja ofisini kwako kuomba msamaha wa notisi, nikaambiwa ningoje kwenye benchi mpaka watu wakaenda kula na kurudi, kalenda hiyo ilikuwa ukutani mbele yangu, na picha ya mto safi juu yake. Ulikuwa mto mzuri sana. Niliutazama kwa muda mrefu kwa kuwa sikuwa na kingine cha kufanya.

Nimeelewa kutokana na benchi lile kwamba sheria hii ina vipimo viwili. Mwenye bomba kubwa anaitwa mwekezaji, na mwenye debe anaitwa mhalifu. Kama ni hivyo nipe nafasi niongeze ukubwa. Naweza kumwaga zaidi ikiwa hilo ndilo linalohitajika ili niheshimiwe.

6. Kuhusu Dedan. Huyu ni fundi mwenzangu wa Kawangware ambaye afisa wako alinitajia kama mfano wa kuigwa, mbele ya wale vijana wa bodaboda, jambo lililoniuma. Dedan huweka oili chafu kwenye mapipa yenye vifuniko, akayapanga nyuma ya gereji kama mahari, halafu linakuja gari kuyachukua. Aliwahi kujitolea kunipa pipa moja. Nilicheka. Mwanamume mzima anawezaje kukaa akitunza uchafu wa magari ya watu wengine?

7. Kuhusu maji ya kweli. Nimeliweka hili mwisho kwa sababu ndilo litakalomaliza ubishi wetu. Maji ya umma yapo, mheshimiwa, isipokuwa hayako mtoni. Yako ndani ya bomba. Na bomba la mstari wetu wote wa nyumba lilivutwa na mimi, kwa mikono hii, baada ya watu kuchoka kuingoja ofisi yako. Ni lile la plastiki jeusi. Linatoka upande wa pili, linashuka mtoni, linalala humo humo ndani ya mtaro mpaka ng'ambo, kisha linapanda kwetu. Mahali vipande vinapoungana nimefunga kwa blada, ile mipira tunayoikata kutoka kwenye tyubu kuukuu za magari, nikaivuta mpaka ikalia. Kazi safi kabisa. Nimewaambia majirani wote wanywe bila wasiwasi, na wanakunywa.

Sasa tazama mwenyewe. Nje ya bomba kuna oili yangu, ndani ya bomba kuna maji yako, na vyote viwili vimelala kitanda kimoja bila kugombana. Hapo ndipo nilipogundua ni nani hasa mkosaji. Oili ni mwenyeji wa mtaro huu. Inakaa, imetulia, haimsumbui mtu, na mbu hawazaliani juu yake, faida ambayo hakuna aliyeniandikia barua ya kunishukuru. Anayekuja bila kualikwa ni maji. Mvua ikinyesha, maji hushuka kutoka mitaa ya wenye nyua na mageti, huingia mtaroni bila leseni, huizoa oili yangu yote na kuipeleka kwa watu wasioijua, kama akina Kanini. Bila maji, oili ingebaki mbele ya gereji yangu milele na notisi isingeandikwa.

Kwa hiyo ninaomba, kwa heshima na taadhima, ofisi yako ipeleke bungeni sheria mpya ya kuzuia umwagaji wa maji katika oili ya umma. Katika sheria hiyo mto ufutwe jina na uitwe hifadhi. Mtu yeyote atakayeonekana akimwaga maji humo, awe anafua, anaosha vyombo au anamwogesha mtoto, apewe notisi kama yangu. Mvua ishitakiwe bila kuwepo mahakamani. Na Wanza ahamishiwe idara ya kulinda oili, ambako naamini ataanza kupendwa na watu.

Nikimaliza, nawasalimu wote ofisini kwako: yule askari wa mlangoni aliyenikagua mifuko akakuta spana akadhani ni silaha, karani aliyekwenda kula, dereva wenu ambaye gari lake linavuja chini upande wa kushoto (nililisikia tu likipita), na hata huyo binti na chupa yake. Mke wangu Adhis anakusalimu kwa shingo upande. Mjukuu wetu Daisy naye angekusalimu, ila anaota meno na tumbo linamsumbua kidogo tangu jana, kama ilivyo kawaida ya watoto wa umri wake.

Wako katika ulinzi wa kisichokuwepo,

Jeconia Ouma,
Fundi.

Tanbihi: Nilikuwa nimekwisha kutia sahihi na ninatafuta bahasha Adhis aliponiita. Chai aliyoipika ilikuwa na utando juu, unaometameta rangi rangi. Nilimwambia labda ni yale majani mapya ya chai. Akaniletea mtungi wenyewe puani.

"Jeconia," akasema, "hii maji inanuka kazi yako."

Bomba lilikuwa limekauka juzi, kama linavyokauka kila wiki, na maji yaliporudi Adhis alijaza mitungi yote. Ndiyo maji aliyompikia Daisy uji. Ndiyo tuliyompa ya kunywa alipoanza kutapika, tukasema ni meno.

Nilishuka mtaroni nikalivuta bomba juu. Zile blada zilikuwa zimefura na kulegea kama mkate uliochovywa kwenye chai. Sikuhitaji kisu. Zilitoka kwa vidole. Bomba likiwa tupu hufyonza chochote kilicho nje yake, na nje yake kulikuwa na kile nilichokuwa nimekimwaga mimi. Kuhusu oili na raba nilikwisha kukuandikia huko juu, na unaweza kurudi ukasome, maana mimi siwezi.

Daisy yuko zahanati, ametundikiwa dripu. Ana macho makubwa na halii, na mimi ningependa alie. Kanini alisikia habari kwa watu, akaja na mtungi wake wa Kambi Muru mgongoni, akautua mlangoni petu akaenda zake. Hakutaja nduma. Dedan amekubali kunipa lile pipa, nimeenda kulichukua Kawangware na hakuna aliyecheka.

Ombi langu la sheria mpya lichaneni. Hii ya zamani inatosha, hata kwa mwenye debe. Lakini kuna jambo la haraka kuliko sheria. Mstari mzima wa nyumba unakunywa kutoka kwenye bomba hilo. Nimepita mlango baada ya mlango nikiwaambia wamwage maji yao, nao wananitazama kama mlevi. Seline wa nyumba ya tatu alinikumbusha kwamba ni mimi niliyemwambia ni safi, akamchotea mtoto wake kikombe mbele yangu. Mimi hawanisikii tena. Mtu wa serikali watamsikia. Tafadhali mtume Wanza leo, aje na chupa yake, aijaze hapa mbele ya watu wote waione. Nitamshikia mimi.